Semina ya Marafiki hapa Moshi: ushawishi wa sera kwa shilingi 75,000

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia mpaka watakapomleta mwezeshaji anayejua mtendaji wa kata anapatikana ofisini saa ngapi.

Semina yenyewe ni ya ushawishi wa sera kwa mtindo wa Marafiki, wale Wakristo wanaojulikana duniani kama Quaker. Ilifanyika kwenye hosteli moja ya Shanty Town. Ada shilingi 75,000, ndani yake chai ya saa nne, chakula cha mchana, daftari na kalamu. Kulala ni juu yako. Mimi nilikuwa nashuka na daladala asubuhi na kurudi nyumbani Old Moshi jioni, kwa hiyo habari za vitanda msiniulize.

Kilichonipeleka ni mfereji. Nimestaafu uhasibu wa chama cha ushirika cha kahawa, na kwa kuwa watu wa kwetu hawapendi kumwona mstaafu amekaa, wakanifanya katibu wa kamati ya mfereji wa kijiji. Mfereji huu waliuchimba babu zetu, unatoa maji mtoni huko juu, unapita migombani kwa watu, unaishia mashamba ya chini. Kiangazi kikikaza, wa juu na wa chini hawasalimiani. Kuna mtu amewahi kulala na panga banioni, pale maji yanapofunguliwa kuingia mferejini. Na sisi kamati tulichokuwa tunafanya ni kuandika barua. Kurasa tatu, "Yah: Malalamiko ya wananchi kuhusu maji," nakala kwa kila mwenye cheo hadi Mkuu wa Mkoa. Tunagongewa muhuri wa kupokelewa, tunarudi nyumbani, basi. Mchungaji alipotangaza semina hii baada ya mnada wa mavuno, watu wakiwa tayari wamebeba mikungu yao ya ndizi, nikaona acha nikasikilize.

Tulikuwa mchanganyiko mzuri: walimu, kijana kiongozi wa bodaboda wa Kiboriloni, akina mama wa VICOBA (vile vikundi vya kuweka na kukopa), diwani mstaafu, mama wa Kiislamu kutoka Majengo aliyejua sheria ya ardhi kuliko wote, na mzee wa Marangu ambaye nitamrudia. Wawezeshaji walikuwa wawili. Mkubwa ni mama kutoka Vihiga, Kenya, mzaliwa wa kanisa hilo. Mdogo ni kijana aliyesomea Marekani, ana kompyuta nzuri na anaongea haraka.

Yule mama alianza na historia, na hakuivuta. Wamishonari watatu wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kwa upande wetu walitangulia Pemba. Serikali ya Zanzibar ilipofuta utumwa kisheria mwaka 1897, Marafiki wa Uingereza walianzisha misheni yao Banani ili walioachwa huru wapate kazi na shule. Mimi nimekwenda Pemba kwa mambo ya ushirika, nimekula pweza wao, na sikuwahi kusikia habari hizo.

Hapo yule kijana wa bodaboda akauliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba hawa Wazungu waliotetea watumwa, wao wenyewe hawakuwa na watumwa? Nikadhani tutapewa jibu la kanisani. Mama akasema walikuwa nao. Alieleza kwamba huko Philadelphia Marafiki walikuwa matajiri wenye watumwa kama jirani zao, na kwamba iliwachukua miaka mingi ya kusumbuana wao kwa wao mpaka mwaka 1776 mkutano wao mkuu wa huko ulipoamua kuwa anayeshikilia mtumwa hana nafasi tena ya ushirika. Alitusimulia habari za John Woolman, aliyekuwa akiwatembelea Marafiki wenye watumwa nyumba kwa nyumba, anakaa nao mezani, na akilala hapo anawalipa watumwa waliomhudumia. Baadaye, mwaka 1783, Marafiki wa Uingereza wakapeleka ombi Bungeni dhidi ya biashara ya watumwa. Akaongeza lingine ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba huko Marekani kanisa lao liliendesha shule za bweni zilizowatenga watoto wa wenyeji wa asili na lugha na wazazi wao, na kwamba leo wenzao wa Washington wanasukuma muswada wa kuunda tume ya kuchunguza shule hizo, za kwao zikiwemo. Mtu akianza hivyo, mimi namsikiliza mpaka mwisho.

Sasa, ukimya. Kila asubuhi tulikaa kimya nusu saa. Hakuna pambio, hakuna anayeongoza sala, viti vimepangwa duara. Mlutheri kama mimi aliyezoea kwaya tatu kabla ya mahubiri nilikuwa natazama saa ya ukutani tu. Mara ya kwanza simu ya diwani mstaafu iliita, tena mlio wenyewe wa taarabu, na mama wa Majengo akacheka mpaka machozi. Baadaye nikazoea. Sitasema nilipata ufunuo. Ninachosema ni kwamba wale waliozoea kuzungumza kwanza katika kila kikao walikosa mahali pa kuanzia, na wale ambao kwa kawaida hawasemi wakawa wanasema. Binti mmoja wa VICOBA ambaye sikumsikia siku nzima ya kwanza ndiye aliyetoa hoja iliyopitishwa siku ya pili.

Lakini kilichonilipia ada yangu ni muhtasari. Nimeandika mihtasari ya vikao maisha yangu yote ya kazi, na mnajua inavyokwenda: kikao kinakwisha saa kumi, muhtasari unaandikwa wiki mbili baadaye na mtu mmoja nyumbani kwake, unasomwa kikao kijacho, na hapo ndipo ugomvi unapoanza upya kwa sababu kila mtu anakumbuka lake. Marafiki hawafanyi hivyo, na wala hawapigi kura. Mwenye kiti anaitwa karani. Anasikiliza mpaka aone kikao kimeelekea wapi, anaandika uamuzi palepale watu wakiwa wamekaa, anausoma kwa sauti, anauliza kama ndivyo. Kama sivyo unarekebishwa hapohapo. Hamtoki mpaka umekubaliwa.

Tuliufanyia zoezi mgogoro wangu wa mfereji. Nusu ya darasa wakawa watu wa juu, nusu wa chini. Karani wetu, mwalimu wa sekondari, akaandika kwamba kikao kimebaini watu wa juu wanafungulia maji nje ya zamu. Akasoma. Mzee wa Marangu, aliyekuwa amepangwa juu, akasema, "Hilo silikubali, na kwa nafsi yangu siwezi kutoka hapa nimelikubali." Kwenye vikao vyetu hapo tungepiga kura, wa chini wangeshinda kwa kuwa ni wengi, na usiku uleule banio lingefunguliwa kwa hasira. Karani akanyamaza. Tukanyamaza wote, dakika kadhaa, na kiti kimoja cha plastiki kikilalamika chini ya diwani. Kisha binti wa VICOBA akapendekeza yaandikwe tu yaliyoonekana: kwamba usiku wa kuamkia Jumatano na Jumamosi banio hukutwa wazi, na kwamba hakuna mtu aliyepangiwa kulifunga saa hizo. Mzee akasema sawa. Sentensi ikasomwa tena, ikapita. Mpaka hapo hakuna aliyeitwa mwizi, na kazi ya kufanya ikawa imejulikana: tafuta mtu wa kufunga banio usiku wa siku mbili. Mambo haya nimeyaona kwa macho yangu kwenye zoezi la kuigiza, na bado sijajua kama yatastahimili kikao cha kweli cha Wachaga wenye kiu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Washington. Marafiki wa Marekani wana taasisi yao ya kuishawishi serikali, Friends Committee on National Legislation, iliyoanzishwa mwaka 1943 katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Ofisi zao ziko karibu kabisa na majengo ya Bunge. Kilichonivutia ni namna wanavyochagua la kushughulikia: kabla ya kila Bunge jipya wanaziuliza sharika zao nchi nzima zinataka nini kitangulie, ndipo kamati kuu inakaa na kupanga. Hawaanzi na mawazo ya mkurugenzi. Wapo mashirika ya hapa kwetu, siyataji, yanayofika kijijini na mradi uliokwishaandikwa, sisi tunaletewa karatasi ya mahudhurio tu tusaini na soda.

Kijana akatuonyesha kanuni zao za kwenda kumwona mbunge. Shukuru kwanza kwa jambo moja la kweli alilolifanya. Omba kitu kimoja, kile alicho na uwezo nacho. Simulia kisa kimoja unachokijua mwenyewe. Usitishe, usitukane, wala usijifanye unazungumza kwa niaba ya watu ambao hawakukutuma. Halafu rudi, na urudi tena. Kwa mfano wa kurudi alitupa sheria ya mwaka 2002 iliyomruhusu rais wa Marekani kuingia vitani Iraq. Vita vikaisha, sheria ikabaki kwenye vitabu, na Marafiki wakawa wanabisha hodi kila Bunge ili ifutwe. Seneti ilipiga kura ya kuifuta Machi 2023, 66 kwa 30. Zaidi ya miaka 20, na hapo ulikuwa upande mmoja tu wa Bunge. Diwani mstaafu akaguna akasema yeye alifikiri Halmashauri yetu ndiyo inachelewa.

Kisha tukapewa kazi: kila mtu aandike barua yake upya kwa ukurasa mmoja. Yangu ya kurasa tatu ilikuwa imeanzia enzi za Mangi, mtawala wetu Wachaga wa zamani, ikapita mabadiliko ya tabianchi, ikamalizia na ombi la "hatua stahiki zichukuliwe". Mama wa Vihiga akaisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akaniuliza: "Mama Upendo, huyu ofisa akikubali, kesho asubuhi atafanya nini?" Sikuwa na jibu. Mama wa Majengo, aliyekuwa kiti cha pili, akanikumbusha kwamba chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 kutumia maji ya mto kunahitaji kibali, na kibali kinataja kiasi. Je, tuna kibali? Kiasi gani? Tunachokipata ni hicho? Barua mpya ikawa na aya nne na ombi moja: ofisa wa maji aje banioni apime, watu wa juu na wa chini wakiwepo wote. Nakala mbili tu. Hiyo barua peke yake kwangu ina thamani ya ile ada.

Sasa nyota iliyobaki. Yule kijana ni mwema na anajua somo lake, ila somo lake ni la Marekani. Kule mbunge anaogopa barua ya mpiga kura wake, na ofisini kwake kuna vijana walioajiriwa kupokea wageni na kuandika waliyosema. Kwetu, anayeamua maji yako au barabara yako mara nyingi hakuchaguliwa na wewe. Mkuu wa Wilaya ameteuliwa, mkurugenzi wa Halmashauri ameteuliwa, ofisa wa maji wa bonde la mto ameajiriwa. Ukimwambia mwanakijiji "piga simu ofisi ya mbunge wako," anakutazama tu. Na kuna jambo lingine ambalo vitini, yale makaratasi ya somo tuliyogawiwa, havikuligusa: ukienda na watu watano ofisini unaweza kuulizwa nani kawatuma, na jioni mtaani mnaitwa wachochezi. Kijana alipoulizwa hilo akarudi kwenye picha zake za ukutani. Mama wa Vihiga ndiye aliyesema kwamba kwao pia imetokea, na kwamba wao huanza na barua ya kuomba nafasi, wanamjulisha chifu, hawaendi kwa kushtukiza.

Aliyetuokoa ni diwani mstaafu, tena wakati wa chai. Akiwa na andazi mkononi alitueleza njia nzima: hoja ianzie kitongojini, ifike mkutano mkuu wa kijiji ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, iingie kwenye muhtasari, iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ifike Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Ukingoja kusikiliza hotuba ya bajeti mwezi Juni, wewe unasikiliza kama mpira wa redioni. Mipango ilikwishapita miezi mingi kabla. Watu walitoa madaftari kwenye chai kuliko walivyoyatoa darasani. Waandaaji, mlipeni huyo mzee, mumpe kipindi rasmi.

Nilisema nitamrudia mzee wa Marangu. Siku ya mwisho ilikuwa zamu ya amani yenyewe, msimamo wao wa kutoshiriki vita yoyote, ambao waliutangaza kwa mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1660 na hawajauacha. Tulielezwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1947, waliyopewa mashirika yao mawili ya huduma, la Uingereza na la Marekani. Mzee akanyosha mkono. Akasema yeye alivuka mpaka na jeshi letu mwaka 1979. Amin aliingia Kagera Oktoba 1978, akachoma, akaua, akachukua ng'ombe na watu. "Sasa mama, kwa imani yenu, mimi nilipaswa kukaa Marangu?"

Hakuna aliyekohoa. Mama akasema, "Mzee wangu, kwanza shikamoo." Kisha akasema hatamwambia kwamba alikosea, kwa kuwa hakuwepo Kagera na hana haki hiyo. Alichosema ni kwamba kazi ya Marafiki iko zaidi kabla ya mwezi ule wa Oktoba: nani alimuuzia Amin silaha, nani aliona dalili akanyamaza, sheria gani zingelazimisha serikali za nje kuzitazama dalili mapema. Akatoa mfano wa sheria ya Marekani iliyotiwa saini Januari 2019, yenye jina la Elie Wiesel, inayoitaka serikali yao ifuatilie dalili za mauaji ya halaiki kabla hayajatokea. Marafiki walikuwa miongoni mwa walioisukuma. Akaeleza ofisi yao ya Geneva, iliyokuwa mstari wa mbele kwenye suala la watoto wanaopelekwa vitani mpaka ikapatikana itifaki ya mwaka 2000. Akamalizia na kwao, ghasia baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, ambapo yeye mwenyewe aligawa unga kambini kwa watu waliochomewa nyumba na waumini wa kanisa lake.

Mzee akashukuru, akasema amesikia, ila swali lake liko palepale. Mimi nakubaliana na mzee. Jibu la kuzuia mapema ni zuri, na ni la watu wenye muda. Haliwafai wale ambao adui amekwishafika kwenye kahawa yao. Ila nilipenda kwamba walimwacha na swali lake. Katika mji wetu huu wenye makanisa mengi nimekaa kwenye semina za dini ambako swali kama hilo lingefungwa kwa maombi.

Mengine kwa ufupi. Michezo ya kujenga uaminifu, inayotokana na mafunzo waliyoyaanzisha na wafungwa jimbo la New York mwaka 1975, haikunifaa sana. Kila mtu alitakiwa ajipe sifa inayoanza na herufi ya jina lake, nikawa Upole Mama Upendo mpaka jioni, na yeyote anayenifahamu angecheka. Vijana waliipenda. Chakula kizuri: machalari siku ya kwanza, wali na nyama siku ya pili, pilau la siku ya mwisho lilikuwa kavu. Vyoo vya hosteli havikuwa na maji mchana, tukawa tunajadili sera ya maji huku tukisubiriana ndoo. Vitini vya Kiswahili havikutosha, wengine tukapewa vya Kiingereza, na huo si uungwana kwa watu waliolipa ada ileile.

Barua yangu niliipeleka. Ilipokelewa, na safari hii nilipigiwa simu. Ofisa amekuja banioni na kifaa chake, amepima, wa juu na wa chini wakisimama pande mbili za mfereji, na ameondoka na namba zake kwenye daftari. Majibu rasmi hayajaja. Nitarudi ofisini kwake Jumatatu, na Jumatatu ya baadaye.

Kwa anayetaka kwenda: inawafaa makatibu wa vikundi, viongozi wa sharika na misikiti, na yeyote mwenye mgogoro mmoja unaojulikana. Ukienda huna jambo mkononi utachoka. Beba barua yako ya zamani, beba sweta kama ni Juni au Julai, na ukijiandikisha sema mapema kwamba unataka kitini cha Kiswahili.